Mtu Mzima na Ndevu Zake

Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia saluni, mwenyewe akafuata. Mteja aliyekuwa kwenye kiti cha katikati, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, alijifunika pua kwa mtandio na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Jamani, mfukuzeni huyo chizi, atatuletea balaa hapa!"

Msusi hakugeuka mara moja. Vidole vyake vilikuwa ndani ya nywele za mteja huyo huyo, na kwenye kioo mbele yake alimwona mtu amesimama mlangoni: shati limeganda jasho shingoni, ndevu zimesokotana, mkono wa kulia umefungwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa cheupe. Akauachia msuko aliokuwa ameushika.

"Huyo chizi ni mdogo wangu," alisema. "Tumbo moja, ziwa moja. Kama kuna wa kufukuzwa hapa leo, basi tuzungumze."

Vichwa vyote viligeuka, isipokuwa cha bibi mmoja aliyekuwa chini ya draya inayovuma, ambaye hakuwa amesikia kitu. Mteja akainuka, akajitanda mtandio juu ya nusu kichwa chake, akatoka akisonya.

"Dada," Pasi alisema. "Mkono unaniuma."

Pasi ni jina alilopewa na watu kwa ajili ya kazi yake. Pale kwenye duka la dobi la mjini alipokuwa akifanya kazi tangu ujana, hakuna aliyemfikia kwa kunyoosha nguo. Ungempa shati la bwana harusi limejikunja kama uso wa mtoto anayelia, angekurudishia limenyooka, kola imesimama, mkunjo wa mkono umekaa kama umepigwa rula. Wateja walikuja wakimwulizia yeye. Lakini ungempa siku nzima, ukamwambia haya, itumie, hakujua aanzie wapi. Aoge kwanza au ale kwanza? Akioga, avae lipi? Mawazo hayo yalimkalisha kitandani na kiatu kimoja mkononi mpaka mtu amshtue. Na pesa ndiyo usiseme. Aliyemwomba alipewa, na asiyemwomba alipewa pia, maana Pasi alikuwa na moyo wa kumhurumia hata anayemcheka.

Kwa miaka mingi watu hawakuliona jambo hilo, kwa sababu mama yao alikuwepo. Mama alipeleka ndoo bafuni, akasimama nje ya mlango: "Sasa uso. Sasa kwapa. Mgongo umeusahau, baba." Mama alimtengea nguo juu ya kiti kwa mpangilio wa kuvaliwa. Mama alimwekea mshahara wake na kumpa nauli ya leo kwa ajili ya leo. Hakuna aliyeiita kazi. Majirani waliita kudekeza, na mashangazi waliita kuharibu mtoto.

Mama alipozikwa, ukoo ulikaa kikao. Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yao, ndiye aliyefunga mazungumzo. "Pasi ni mtu mzima na ndevu zake. Mimi nipo, nitamtupia jicho. Na wewe, mwanangu, rudi kwa mumeo, ukalee wanao. Usiwe na wasiwasi." Msusi alikuwa akiishi upande wa pili wa mji, mumewe dereva wa lori ambaye nyumbani huja kama mgeni. Alishukuru, tena kwa dhati. Na kila alipopiga simu, Baba Mdogo alijibu kuwa mambo ni shwari.

Sasa hayo mambo shwari yalikuwa yamesimama mlangoni pake, yananuka.

Alimpeleka chumba cha nyuma, akafungua kile kitambaa. Mkono ulikuwa umeungua kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, ngozi imetoka, na kidonda kimeanza kutoa usaha.

"Nini hiki, mdogo wangu?"

"Mashine ya mvuke ilinigusa."

"Hukwenda hospitali?"

"Baba Mdogo alisema hakuna pesa."

"Na mshahara wako?"

Pasi alimtazama kana kwamba ameulizwa habari za nchi nyingine. "Anao yeye."

Msusi alichukua maji ya moto aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya vichwa vya wateja, akayatia kwenye ndoo, akamwingiza ndugu yake kwenye kibafu cha uani na kusimama nje. "Huo mkono usiuloweshe, uinue. Sasa uso," akasema. "Sasa kwapa." Alisikia sauti ya marehemu mama yake ikitoka kinywani mwake, akaendelea mpaka miguuni.

Hospitalini muuguzi alikisafisha kidonda vizuri, wala hakukunja uso. Daktari naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu. Msusi alipomweleza kwamba kidonda ni tawi, shina ni hili la ndugu yake kushindwa kujitunza, daktari alimgeukia Pasi.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Unasikia sauti za watu wasiokuwepo?"

"Hapana."

"Basi huyu si mgonjwa, mama. Amedekezwa huyu. Mwacheni ajitegemee, njaa itamfundisha."

"Njaa imemfundisha miezi yote hii, daktari. Umeona alichojifunza," Msusi akajibu. Lakini jina la anayefuata lilikuwa limeshaitwa.

Kesho yake alikwenda dobi. Mwenye duka, mama wa makamo aliyevaa miwani kifuani kama mkufu, alishangaa kuulizwa. "Mshahara? Baba yenu mdogo huja kuuchukua mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Alisema familia imemteua. Mimi ni nani niingilie mambo ya ukoo?"

"Na hukuuona huo mkono?"

Yule mama aliangalia chini. "Niliuona. Nilimwambia akatibiwe. Aliitikia." Kisha akaongeza, kama mtu anayejitetea mbele ya nafsi yake, "Huitikia kila kitu."

Kutoka hapo Msusi alikwenda moja kwa moja nyumbani kwao. Chumba cha mbele, alichofia mama, kilikuwa na pazia jipya na wapangaji wasiomjua. Chumba cha Pasi kilikuwa kimejaa mifuko ya saruji mpaka dirishani, na katikati ya mifuko hiyo palikuwa na godoro, sahani yenye ukoko wa chakula cha siku nyingi, na rundo la nguo. Vumbi la saruji lilikuwa limelala juu ya mto.

Baba Mdogo alimkuta pale pale akihesabu pumzi zake asije akapasuka.

"Karibu, mwanangu. Ungesema unakuja, tungefagia."

"Hii saruji ni ya nani, Baba Mdogo?"

"Ya kwangu, nataka kujenga kidogo kule nyuma. Hapa ni pakavu."

"Hapa analala mtu."

"Pasi hana maneno. Nilimwuliza, akasema sawa."

"Na mshahara wake? Na kodi ya chumba cha mama?"

Baba Mdogo akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyeonewa. "Namtunzia. Wewe unamjua mdogo wako. Ukimpa pesa anazimwaga njiani kama maji. Nimeokoa au sijaokoa?"

Hapo ndipo penye kuuma, kwa kuwa nusu ya maneno yale yalikuwa kweli. Uongo mtupu ungepigwa teke ukafa, lakini uongo uliofungwa ndani ya kweli huwezi kuupiga bila kujiumiza kidole. "Kama unamtunzia," Msusi alisema, "nionyeshe zilipo." Baba Mdogo akaanza habari za bati, za fundi, za bei ya kila kitu siku hizi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Msusi aliondoka akijisikia kama mtu anayejikuna mwili mzima.

Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa na benchi refu na madirisha matatu. Walikaa benchi hilo, yeye na Pasi, tangu asubuhi. Afisa aliyewapokea alikuwa kijana nadhifu, na shati lake, Pasi alimnong'oneza dada yake, limenyooshwa vibaya mgongoni.

"Ana umri gani?" afisa aliuliza, akimtazama Msusi.

"Anakaribia arobaini."

"Basi si mtoto. Wala si mzee. Ni mlemavu?"

"Hawezi kujitunza, na hawezi kushika pesa."

"Mama, mimi namwona ana mikono miwili na miguu miwili. Kazi anayo. Dirisha la kwanza ni watoto, la pili wazee, la tatu walemavu. Huyu nimwandike nini?"

"Mwandike mtu."

"Hakuna dirisha la mtu," afisa alisema, wala hakuwa akitania. "Lete karatasi ya daktari."

Daktari alisema hawezi kuandika ugonjwa usiokuwepo, waende ustawi. Ustawi walisema bila karatasi hawana la kufanya, warudi kwa daktari. Benki, ambako Msusi alikwenda kuomba mshahara wa ndugu yake ufunguliwe akaunti asiyoifikia mtu mwingine, walimwambia kuwa mteja ni mtu mzima, aje mwenyewe. Alipokuja mwenyewe, wakamwuliza maswali harakaharaka, akaitikia yote, hata yale yaliyopingana, wakasema huyu haelewi, aje na msimamizi. Kumbe utu uzima wa Pasi ulikuwa kama mlango wa duka: unafunguliwa wakitaka kumtoa, unafungwa akitaka kuingia. Msusi alirudi saluni akiwa na hasira ya kuweza kukaushia nywele bila umeme.

Mteja wa nusu kichwa ndiye aliyeleta habari. Alirudi baada ya siku kadhaa, mtandio umefungwa mpaka kwenye nyusi, akasubiri saluni itulie. Msusi alitaka kumwambia akamaliziwe kwingine. Ila kazi uliyoianza ni deni, akampa kiti.

"Mume wangu alianguka kwenye jengo, akaumia kichwa," yule mteja alisema ghafla, akizungumza na kioo. "Mtaani nasema amesafiri. Yuko ndani ya nyumba. Siku nyingine haogi mpaka nilie. Siku ile nilipojifunika pua... harufu ile naijua, dada. Nilidhani imenifuata mpaka huku."

Msusi akachukua kitana.

"Kuna chumba hospitalini," mteja aliendelea. "Nyuma ya jiko, ukipita wanapoanika mashuka. Wanawafundisha watu kuishi. Kuoga, kupika, kupanga siku. Na wanaandika karatasi."

"Hospitali ipi?"

Ilikuwa ile ile. Mlango ulikuwa hatua chache kutoka kwa daktari aliyesema njaa itafundisha.

Mtaalamu wa chumba hicho alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Ndani palikuwa na kitanda cha kutandika, jiko dogo, sinki, kamba ya kuanikia nguo, utadhani nyumba ya mtu. Msusi alianza kueleza kama alivyozoea, na yule mtaalamu akamwinulia kiganja kwa upole.

"Samahani, dada. Ngoja nimsikie mwenyewe." Akamgeukia Pasi. "Kaka, wewe unataka nini?"

Msusi aliuma midomo ili asimjibie. Hakukumbuka kama swali hilo limewahi kuulizwa, hata na mama.

"Nataka kuoga bila kuitwa," Pasi alisema hatimaye. "Na nataka mshahara wangu. Na Baba Mdogo aondoe saruji yake, nakohoa."

Mtaalamu akaitikia kwa kichwa kama anayepokea oda ya kawaida. Akamwomba apike chai. Pasi aliwasha jiko, akaweka sufuria, akatia majani, akatia sukari, akasimama akisubiri ichemke. Maji hakutia. Mtaalamu hakucheka, wala hakumsahihisha. Alimjaribu siku nyingine na nyingine, kwa kazi tofauti, kisha akamweleza Msusi. Huu si uvivu, wala kudekezwa. Kuna watu ambao kichwa chao kinajua kila hatua, ila hakiwezi kuzipanga wala kujisukuma kuanza. Wamezaliwa hivyo wengine, wengine wameumia. Mama yake hakumharibu. Mama yake ndiye aliyekuwa dawa yake.

Msusi alilia hapo, kilio cha hasira zaidi ya huzuni. "Na kwa nini hakuna aliyeniambia kuwa mpo? Nimezunguka mji mzima!"

"Hata kibao mlangoni hatuna," mtaalamu alisema. "Tumeomba mwaka wa ngapi sijui."

Karatasi ilipofika ustawi, yule afisa nadhifu aliisoma mara mbili, akawaita wote, na Baba Mdogo pia. Baba Mdogo alikuja na koti, akasalimia kila mtu kwa heshima zote. "Tunashukuru serikali kutusaidia," alisema. "Sasa niandikwe rasmi msimamizi wa kijana wangu. Mimi ndiye mwanamume niliyebaki kwenye ukoo." Na afisa, amini usiamini, akafungua kalamu.

"Subiri!" Msusi aliruka. "Unamkabidhi fisi bucha? Mwulize mshahara wa mtu huyu umekwenda wapi! Mwulize nani analala na saruji! Mwulize kidonda kile kilisubiri nini!"

"Binti, adabu," Baba Mdogo alisema.

"Adabu niliileta siku ya mazishi, Baba Mdogo. Nilikushukuru kwa mikono miwili."

Alimwaga yote, mbele ya benchi zima, na watu waliokuwa wakisubiri dirisha la wazee wakasogeza masikio. Baba Mdogo alijaribu habari za bati. Afisa alimwomba aonyeshe alichotunza, hata kidogo, na Baba Mdogo akatafuta mifukoni mwa koti, sijui akitumaini kukuta nini.

Afisa akageuza kalamu. "Basi, mama, tukuandike wewe. Mshahara, chumba, matibabu, maamuzi yote. Atakuwa chini yako."

Mkono wa Msusi ulikuwa umeshanyooka kupokea kalamu. Alikuwa ameshinda. Ndipo aliposikia, "Dada."

Pasi alikuwa amesimama. Alikuwa ameoga siku hiyo, shati lake limenyooka kuliko la mtu yeyote mle ndani.

"Usinichukue na wewe," alisema.

Neno lile lilimpiga Msusi kuliko kofi. Alitaka kukasirika: baada ya yote haya? Baada ya mabenchi yote niliyokalia? Lakini alimtazama ndugu yake, mtu aliyeitikia kila kitu maisha yake yote, leo amekataa kitu kwa mara ya kwanza, tena amemkatalia yeye. Akaurudisha mkono.

"Umemsikia," akamwambia afisa. "Hataki mmiliki mwingine. Tafuta njia."

"Utaratibu hauna—"

"Njia ipo," mtaalamu wa chumba cha nyuma ya jiko alisema. Alikuwa amekaa pembeni muda wote. Akaeleza: akaunti iwe ya Pasi mwenyewe, dobi walipe huko, pesa itoke kwa sahihi mbili, yake na ya dada, wala mmoja peke yake asiweze. Kodi ya chumba cha mama iingie humo humo. Na ustawi watume mtu kumtembelea kila mwezi, kwa kuwa ndiyo kazi yao. Afisa alikuna shingo, akaenda kumwuliza mkubwa wake, akarudi na kusema kwamba kumbe inawezekana. Kumbe! Miezi yote ile inawezekana.

Zilizoliwa zimeliwa. Baba Mdogo hakurudisha kitu, na kwenye shughuli za ukoo bado anasimulia jinsi alivyolipwa mabaya kwa wema, na wapo wanaomwamini. Saruji aliiondoa, mfuko mmoja mmoja, kwa mwendo wa mtu anayebeba jeneza. Pasi alikifagia chumba mwenyewe. Alisahau chini ya kitanda. Jirani mmoja mwanamke analipwa kidogo kupita asubuhi na kugonga dirisha. Haingii, hamwiti kuoga, anagonga tu, na upande wa ndani wa mlango kuna picha zilizobandikwa kwa mpangilio: ndoo, mswaki, shati, chai, funguo. Siku nyingi Pasi anazifuata. Siku nyingine anaishia kwenye mswaki.

Mwezi mmoja alitoa sehemu yake ya matumizi, akaimaliza kwa watu njiani kabla jua halijawaka vizuri. Msusi alipopata habari alikwenda mbio, akafoka mpaka wapangaji wakachungulia. Pasi alimsubiri amalize.

"Nimekosea, Dada," alisema. "Sijafa."

Msusi alikaa kitandani. Kidogo kidogo akaanza kucheka, kisha akamwuliza kama amekula.

Kuhusu yule mtu wa ustawi wa kuja kila mwezi: alikuja mara moja, akanywa maji, akasifu usafi, hakuonekana tena. Msusi alingoja, akapiga simu, akaambiwa wahudumu ni wachache. Basi Jumatatu hii alifunga saluni asubuhi. Alimpitia mteja wa nusu kichwa, ambaye siku hizi humtoa mumewe nje kuota jua na hasemi tena kuwa amesafiri. Wakampitia na mama mmoja mzee waliyekutana naye kwenye chumba cha nyuma ya jiko, mwenye binti wa makamo asiyeweza kupanga siku yake wala kushika pochi. Pasi alikuwa amewanyooshea wote nguo zao.

Walipofika, afisa nadhifu aliinua macho, akaona wanawake watatu wamesimama mbele ya madirisha yake matatu, hakuna aliyepanga foleni.

"Mmekuja kwa shida gani, kina mama?"

"Hatuna shida sisi," Msusi alisema, akivuta benchi kulisogeza karibu kabisa na dirisha. "Tumekuja kuuliza shida yenu." Akakaa, na wenzake wakakaa.